Shingo Iliyokaza: Sababu Zake, Tiba Yake na Hukumu Zake katika Swala

Bismillahi Rahmani Rahim

Shukurani zote ni za Allah (Subhanahu wa Taala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam), pamoja na aali zake na Sahaba zake. Amma baad.



Hakuna nyumba hapa visiwani ambayo haijapata mtu aliyeamka alfajiri shingo imekaza, hawezi kugeuka kulia wala kushoto, akiitwa anageuka mwili mzima kama mlango. Wengi wanatuuliza mambo mawili. La kwanza, mtu huyu ataswali vipi? La pili, achuliwe, afanyiwe hijama, asomewe au apelekwe hospitali? Tumeona tuyakusanye majibu mahali pamoja ili familia ziwe na pa kurejea.

Kabla ya yote tunatoa tahadhari moja. Ikiwa unasoma haya huku nyumbani una mtoto au mtu mzima mwenye homa kali, kichwa kinamuuma na shingo imekakamaa, basi acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi, uje umalizie baadaye. Sababu tutaieleza hapo mbele.

Kwa nini shingo hukaza

Shingo ya mwanaadamu ina pingili 7 za mifupa, na kichwa kinachokaa juu yake kina uzito wa kiasi cha kilo 5. Pingili mbili za juu kabisa ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kugeuza uso kulia na kushoto. Kati ya pingili kuna visahani laini vinavyopunguza mtikisiko, pembeni mwake hutoka mishipa ya fahamu inayoelekea mabegani na mikononi, na kote huko kumezungukwa na misuli inayoshikilia kichwa tangu tunapoamka hadi tunapolala.

Kichwa kinapokuwa wima, uzito wake hubebwa na mifupa. Kinapoinama mbele, uzito huhamia kwenye misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega. Misuli ikibebeshwa hivyo kwa saa nyingi, huchoka na kujikaza kama ngumi. Kujikaza huko ni namna ya mwili kujilinda, lakini ndiko kunakoleta maumivu.

Sababu zake tunaziona kila siku. Kuna aliyelala juu ya mito miwili mirefu, au amelala kifudifudi shingo imepinda usiku kucha. Kuna kijana aliyeinamia simu mpaka usiku wa manane. Kuna mama zetu wa Paje na Jambiani wanaoinama baharini katika kazi ya mwani, na wachumaji karafuu wa Pemba wanaotazama juu siku nzima msimu wa mavuno. Kuna anayebeba ndoo ya maji kichwani, fundi cherehani, dereva, na mwanafunzi wa chuoni aliyekaa chini na juzuu mapajani. Hata wasiwasi na huzuni hukaza shingo, kwani mtu mwenye mawazo hupandisha mabega bila ya kujijua.

Kwa watu wa makamo na wazee, pingili na visahani vyake huchakaa kidogo kidogo, na shingo huwa nzito kila asubuhi. Uchakavu huo huja na umri. Si uchawi, wala si dalili ya kuwa mtu amefungwa.

Tiba ya nyumbani

Shingo ya namna hii kwa kawaida hupungua maumivu ndani ya siku chache, na mara nyingi huwa imeshapoa katika wiki moja au mbili. Haya ndiyo yanayosaidia.

Kwanza, usiifanye shingo igande. Zamani watu waliambiwa walale tu wasijitikise. Siku hizi madaktari wanashauri mtu aendelee na shughuli zake nyepesi na aitikise shingo taratibu, kwa sababu shingo iliyogandishwa huzidi kukaza.

Pili, tumia joto. Chovya kitaulo au kipande cha khanga katika maji ya moto, kikamue vizuri, kijaribu kwanza mkononi kisije kuunguza, kisha kiweke shingoni kwa dakika 15 hadi 20. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Ikiwa shingo imeumia kwa kujikwaa au kuteguka siku hiyo hiyo, anza na barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, na joto lifuate baada ya siku moja au mbili.

Tatu, fanya mazoezi mepesi. Kaa wima. Geuza uso kulia taratibu mpaka pale unapoanza kuhisi mvuto, tulia ukihesabu mpaka tano, rudi katikati, kisha kushoto. Baadaye lete sikio upande wa bega, kulia na kushoto, bila ya kulipandisha bega. Halafu vuta kidevu nyuma kama mtu anayejitazama kidevu cha pili. Malizia kwa kuzungusha mabega. Kila moja mara tano, mara tatu kwa siku. Usiizungushe shingo duara kwa nguvu, wala usiivunje ili ilie.

Nne, dawa ya maumivu. Panadol inatosha kwa wengi. Mtu mzima hameza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima. Diklofenaki na dawa za jamii yake zina nguvu zaidi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu, au mama mjamzito asizitumie bila ya kumuuliza daktari.

Na jambo moja ambalo watu husahau: usiendeshe gari wala vespa wakati huwezi kugeuza shingo. Anayeendesha bila ya kuona pembeni anahatarisha nafsi za wengine, na hizo ni haki za watu.

Kuchuliwa, mafuta na hijama

Kuchuliwa kwa mkono mwepesi kunasaidia. Mafuta ya nazi yanatosha, na mwenye kupenda habbat sauda atie. Mafuta ya karafuu ni makali, yakipakwa matupu huunguza ngozi, kwa hiyo yachanganywe matone machache katika mafuta ya nazi, na yasipakwe watoto wadogo. Tunachokataza ni ule mtindo wa kumshika mtu kichwa na kukigeuza ghafla mpaka shingo ilie. Ndani ya shingo mnapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mshipa ukichanika mtu anaweza kupata kiharusi. Na anayechuliwa asiwe na homa wala asiwe ametoka kuanguka.

Mwanamke achuliwe na mwanamke mwenzake, mumewe, au maharimu wake. Ikibidi daktari mwanamme, basi dharura hupimwa kwa kiasi chake, na asiwe peke yake naye.

Ama hijama, ina asili yake katika Sunna. Imepokewa kutoka kwa Anas (Radhiya Allahu anhu), katika Sunan Abi Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) alifanyiwa hijama kwenye mishipa miwili ya pembeni mwa shingo na baina ya mabega. Lakini kuwepo kwa Sunna hakumfanyi kila mwenye wembe kuwa mjuzi. Afanye aliyejifunza, kwa kisu kipya kinachotumika mara moja na kutupwa, kwani wembe wa kuchangia hupitisha homa ya ini na Ukimwi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye upungufu wa damu na mama mjamzito wamuulize daktari kwanza.

Shingo iliyokaza na Swala

Hapa ndipo penye maswali mengi. Tunajibu kwa madhehebu ya Imam Shafi (Rahimahullah), ambayo ndiyo tuliyosomeshwa na masheikh zetu hapa visiwani.

Suali: Uso wangu umepinda upande mmoja. Je, nimeelekea Kibla?

Kinachozingatiwa kwa anayeswali kwa kusimama ni kifua. Kifua kikielekea Kibla, Swala ni sahihi hata kama uso umeegemea pembeni. Kugeuza uso bila ya haja ni makruhu, na wewe unayo haja.

Suali: Siwezi kugeuka wakati wa kutoa salamu.

Nguzo ni kutamka salamu ya kwanza. Kugeuza uso kulia na kushoto ni sunna. Tamka ukiwa umeelekea mbele, na Swala yako imetimia. Vivyo hivyo muadhini ambaye hawezi kugeuza kichwa katika hayya ala swala na hayya ala falah, adhana yake ni sahihi.

Suali: Je, nirukuu na kusujudu?

Wengi hukimbilia kuacha kabla ya kujaribu. Rukuu haihitaji kukunja shingo. Bibi Aisha (Radhiya Allahu anha), katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, ameeleza kuwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) akirukuu hakuwa akiinua kichwa wala kukishusha, bali kilikuwa baina ya hayo mawili. Basi inama kuanzia kiunoni, shingo ikae sawa na mgongo. Sijda nayo yawezekana kwa wengi, ukishuka taratibu, ukitanguliza magoti, kisha mikono, halafu paji la uso. Ukiweza bila ya madhara, ni wajibu juu yako.

Ukishindwa, inama kiasi unachoweza, na uifanye sijda iwe chini kuliko rukuu. Usijiletee mto ukaunyanyua mpaka usoni. Ukishindwa kuinama kabisa, ashiria kwa kichwa, ukishindwa hilo, kwa macho. Asili ya haya yote ni Hadithi ya Imran bin Huswayn (Radhiya Allahu anhu) iliyomo katika Sahih Bukhari. Yeye alikuwa na maradhi ya bawasiri, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu.

Suali: Je, nikae juu ya kiti Swala nzima?

Hapana, ikiwa unaweza kusimama. Kusimama ni nguzo peke yake, na maumivu ya shingo hayaiondoi. Simama katika kisomo, na kiti kikusaidie pale tu unaposhindwa. Kila nguzo unayoiweza itekeleze, na usiyoiweza umesamehewa.

Suali: Mimi ni imamu wa msikiti.

Unaweza kuswalisha, na Swala ya walio nyuma yako ni sahihi hata kama wewe unaashiria na wao wanasujudu. Lakini ikiwa yupo mwengine anayeweza, kumpisha siku mbili tatu ni bora, ili watu wasibabaike. Na mwenye maumivu makali yanayomzidi ana udhuru wa kutohudhuria jamaa, hata Ijumaa, akaswali Adhuhuri nyumbani.

Udhu, josho na saumu

Shingo si kiungo cha udhu. Imam Nawawi (Rahimahullah) amesema kuwa kuipangusa shingo si sunna. Kwa hiyo plasta ya dawa au kola ya shingo haizuii udhu, ila hakikisha maji yamefika uso wote, kuanzia maoteo ya nywele mpaka chini ya kidevu. Kichwani inatosha kupangusa sehemu yake, huna haja ya kujilazimisha kufika kisogoni.

Katika josho la janaba na hedhi, maji lazima yafike shingoni, basi plasta na kola zivuliwe. Ikiwa daktari amekataza kuvua, muulize sheikh wa karibu, kwani hapo inaingia hukumu ya bandeji, yaani kuosha palipo pazima, kupangusa juu ya kifuniko na kutayamamu.

Kwa mfungaji, mafuta na plasta juu ya ngozi havifunguzi. Sindano ya maumivu, isiyokuwa ya chakula, haifunguzi kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama hizi. Kidonge cha kumeza kinafunguza. Mtu akizidiwa na maumivu, ale na alipe siku hiyo baadaye.

Shingo inapokaza pamoja na homa

Sasa tumefika tulipoahidi. Kuna kukaza kwa shingo ambako hakutokani na shingo. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na ngozi nyembamba. Vijidudu vikiingia huko, ngozi hizo huvimba, na kila shingo inapoinama mbele zinavutika na kuuma, ndipo misuli inapojikaza. Haya ndiyo maradhi ya homa ya uti wa mgongo. Yakiletwa na bakteria yanaweza kuua ndani ya siku moja, na anayepona bila ya kuwahiwa anaweza kubaki kiziwi, au na kifafa, au akili yake ikapungua.

Mzijue dalili: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, kutapika, kuchukia mwangaza, usingizi mzito usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, degedege, na pengine madoa mekundu au ya zambarau kwenye ngozi. Tofauti moja inasaidia. Shingo ya kulala vibaya huuma zaidi mtu anapogeuka pembeni, na hana homa. Shingo ya maradhi haya hukataa kuinama mbele, mtoto akiambiwa aguse kifua kwa kidevu hawezi. Hata hivyo, akiweza msijipe moyo ikiwa dalili nyengine zipo.

Mtoto mchanga huenda shingo yake isikaze kabisa. Kwake angalieni utosi uliovimba, kukataa ziwa, kilio chembamba kisichotulizika, mwili kulegea au kukakamaa, na homa au mwili kuwa baridi.

Yapo pia maradhi ya pepopunda, yanayoingia kwa kidonda au kwa kitovu cha mtoto kilichopakwa uchafu. Hukaza taya, kisha shingo na mgongo. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri, halafu baada ya siku chache akashindwa kunyonya na kukakamaa, awahishwe hospitali. Jina lake lina neno pepo ndani yake, lakini kinachokuletea ni bakteria wa kwenye udongo, na chanjo anayopewa mama mjamzito kliniki ndiyo kinga yake.

Tunalolibeba mpaka leo

Tunaomba radhi kusimulia jambo letu, lakini huenda likamfaa mtu. Miaka mingi nyuma, tulipokuwa vijana tunasomesha chuoni, baba mmoja alituletea baada ya Magharibi mtoto wake wa miaka saba au minane. Mtoto alikuwa anachemka, amekunja uso kwa mwangaza wa taa, na kichwa amekirudisha nyuma. Jirani alishawaambia ni degedege, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Tulimsomea, tukamtilia maji katika chupa, tukamwambia baba yake arudi asubuhi.

Hatukumwambia neno hospitali. Hatukukusudia ubaya, tulidhani kusoma ndiyo kazi yetu na hospitali ni kazi ya wengine. Usiku ule mtoto alipata degedege mara kwa mara, na alfajiri mama yake ndiye aliyembeba kwa nguvu akampeleka. Alhamdulillah alipona, lakini hakusikia tena. Alirudi chuoni, akakaa mstari wa mbele, akitutazama midomo. Alikuwa ameshahifadhi juzuu amma, na baada ya hapo hakuisikia sauti ya anayemsomea.

Baba yake hakutulaumu hata siku moja. Alisema ni kadari ya Allah, na ni kweli. Lakini kadari ni neno la kumliwaza aliyepatwa na msiba, sisi tuliopewa amana halitufai kuwa kisingizio. Tangu siku ile, mzazi akituletea mtoto mwenye homa, suali letu la kwanza ni: mmeshampeleka hospitali? Tukijibiwa bado, tunamsomea hapo hapo mlangoni kwa ufupi, na tunamhimiza aondoke.

Hukumu ya kuchelewesha tiba

Kusomewa ruqya ni haki na ni Sunna. Uthman bin Abil As (Radhiya Allahu anhu) alimshitakia Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) maumivu mwilini mwake, akafundishwa aweke mkono pale panapouma, ataje jina la Allah mara tatu, na ajikinge kwa Allah na shari ya maumivu hayo mara saba. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim, na inamfaa sana mwenye shingo iliyokaza. Lakini Mtume huyo huyo, mabedui walipomuuliza kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu na akawaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hii ni Hadithi ya Usama bin Sharik (Radhiya Allahu anhu) katika Sunan Abi Daud na Tirmidhi.

Asili ya tiba ni kwamba inapendeza. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, ilipitisha kuwa tiba huwa wajibu pale ambapo kuiacha kutapelekea kifo cha mtu, kupotea kiungo au kulemaa, au maradhi kuambukiza wengine. Homa ya uti wa mgongo inakusanya yote hayo. Kwa hiyo mzazi anayejua dalili hizi na akamfungia mtoto ndani kwa ajili ya kombe na ubani peke yake anabeba dhima mbele ya Allah. Na msomaji wa ruqya anayewazuia watu kwenda hospitali, dhima yake ni nzito zaidi, kwa sababu watu humuamini.

Ruqya na hospitali havigombani. Msomeeni mtoto ndani ya gari mkiwa njiani. Msomeeni kitandani, iwe Mnazi Mmoja, iwe Abdalla Mzee kule Mkoani. Dripu haizuii Suratul Fatiha.

Madaktari wakitaka kumtoa maji ya mgongo, msikatae kwa khofu. Sindano ile huingizwa sehemu ya chini ya kiuno, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na maji yale ndiyo yanayoonesha ni kijidudu gani na dawa ipi. Maneno kuwa kila anayetolewa maji hupooza si ya kweli. Kuhusu sindano na degedege, mtoto hufa kwa maradhi yaliyocheleweshwa, kisha sindano ikasingiziwa kwa kuwa ilifika mwisho. Na kama kipimo cha malaria kimeonesha hana, msirudi nyumbani mkatulia huku shingo bado imekaza. Mwambieni daktari.

Mgonjwa akithibitika, toeni taarifa chuoni na skuli. Baadhi ya aina zake huambukiza kwa mate na pumzi, na walio karibu naye huenda wakapewa dawa ya kujikinga. Kuficha ni kuwadhulumu watoto wa wenzenu.

Dalili nyengine za kuwahi

Aliyeanguka juu ya mkarafuu au mnazi, au aliyepata ajali ya bodaboda, na shingo inamuuma, msimnyanyue wala kumkalisha. Mshikeni kichwa kisigeuke, mlazeni sawa juu ya ubao, na mtafute gari. Pingili iliyovunjika ikisogezwa inaweza kumpoozesha.

Maumivu yakishuka mkononi pamoja na ganzi, mkono ukipoteza nguvu, miguu ikilegea, au haja ikaanza kutoka bila ya kujizuia, nendeni hospitali. Maumivu ya shingo na taya yanayokuja na kifua kubana na jasho jingi yanaweza kuwa ya moyo. Na shingo isiyopoa baada ya wiki mbili, au inayouma usiku huku mwili unapungua, ichunguzwe.

Kinga

Tumieni mto mmoja unaojaza nafasi ya shingo, usiopandisha kichwa. Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) alielekeza kulala kwa ubavu wa kulia, na imepokewa kuchukizwa kwake na kulala kifudifudi. Hatusemi Hadithi hizo zimekuja kwa ajili ya shingo, lakini anayezifuata shingo yake hupumzika pia.

Simu inueni ifike karibu na macho, na mpumzike kila baada ya nusu saa. Chuoni, walimu wenzetu, wekeni msahafu juu ya marufaa kila mtoto asomapo. Wazee wetu walifanya hivyo kwa kuitukuza Qur'an, na shingo za watoto hufaidika. Kila baada ya kisomo kirefu wasimamisheni wajinyooshe.

Msikose chanjo za kliniki. Mtoto akipelekwa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndani ya chanjo zile mna kinga ya baadhi ya vijidudu vikubwa vinavyoleta homa ya uti wa mgongo. Wanaokwenda Hijja na Umra wachanjwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika, kama Saudi Arabia inavyotaka. Sharti hilo lina sababu yake. Mwaka 1987, na tena mwaka 2000, maradhi haya yalizuka katika msimu wa Hijja, na mahujaji wakarudi nayo makwao. Cheti cha kununua bila ya kuchanjwa ni uongo, na madhara yake humfikia aliyekusubiri nyumbani kwa furaha.

Kwa ufupi, shingo iliyokaza bila ya homa, ipe joto, itikise taratibu, swali kwa kiasi unachoweza, na subiri. Shingo iliyokaza pamoja na homa, usisubiri asubuhi.

Tunamuomba Allah awaponeshe wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atusamehe pale tuliponyamaza na ilitupasa kusema.

Wallahu A'lam.